Mashine za santuri zilizotumika: nitazame bei ya kuuzia tena, au nitazame uzima wake?

BintiMasese (Jinja)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Mimi ni DJ wa hapa Jinja. Riziki yangu hutoka katika arusi, sherehe za kujitambulisha ukweni, na baa moja ya kando ya mto ambako wateja hawajali ninapiga kwa kifaa gani, ilimradi mdundo usikatike. Kwa miaka sita nimetumia kompyuta ya mkononi na kontrola, yaani kile kifaa cha vitufe cha kuchanganyia nyimbo zilizo kwenye kompyuta, wala sina lawama nazo. Mwaka huu, hata hivyo, baba yangu amenikabidhi sanduku lake la santuri, zipatazo 140, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika alizokuwa akizinunua Nairobi na Kisumu alipokuwa kijana wa reli. Nyumbani hatuna cha kuzichezea tangu mashine yetu ya zamani ikatike mkanda nami nikiwa bado shule ya msingi. Kwa hiyo nimeamua kununua jozi ya mashine za DJ kwa makusudi mawili: kuzisikiliza santuri za mzee na kuzirekodi kwenye kompyuta kabla hazijaharibika, na kujifunza kukwaruza (kuisogeza santuri mbele na nyuma kwa mkono kufuata mdundo) na kuchanganya kwa mikono, kazi ambayo kontrola imenifundisha nusunusu tu.

Nimepata jozi mbili za kuchagua, zote zimetumika.

Jozi ya kwanza ni Technics SL-1200MK2 za rangi ya fedha. Ziko Kampala, na mwenyewe anasema zilitoka Uingereza. Anataka shilingi 5,200,000 kwa zote mbili, na hapunguzi. Zimechubuka pembeni, moja haina mfuniko, na katika hiyohiyo kitelezi cha kasi kinakwama kidogo kinapopita katikati. Taa ndogo inayomulika sindano haiwaki katika yoyote kati ya hizo mbili.

Jozi ya pili ni Stanton STR8-150. Ziko Entebbe kwa mtu aliyezinunua kwa hamu, akapata kazi ya ofisini, akazifunika kitambaa. Zinaonekana kama zimetoka dukani jana. Anataka 2,600,000 kwa zote.

Akiba yangu ni 4,500,000. Nikichukua Technics itanibidi nikope 700,000 kwenye Sacco yetu, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kila ninayemuuliza ananiambia nikope bila kusita, kwa sababu Technics ni kama kiwanja: unakitumia miaka mitatu, unakiuza, fedha yako inarudi. Hapo ndipo ninapokwama. Bei isiyoshuka ni ushahidi kwamba kifaa ni bora, au ni sifa tu iliyozoeleka mitaani? Na mimi ninayenunua ili nitumie, si ili niuze, bei ya kuuzia tena inanihusu kwa kiasi gani?

---

Mzee_Mpakani (Busia)

Binti yangu, umeuliza vizuri, nami nitakujibu kama mtu aliyekula ugali wa bidhaa zilizotumika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwenye kununua kifaa cha mitumba hununua vitu viwili kwa wakati mmoja: matumizi ya leo na mnunuzi wa kesho. Anayekuambia usimfikirie mnunuzi wa kesho hajawahi kuamka akiwa na mtoto hospitalini na mali pekee ya kuuza ikiwa ni kifaa ambacho hakuna anayekijua jina. Mwaka 2012 nilinunua jozi ya Technics 1210, ndugu nyeusi za hizo 1200, kutoka hoteli moja iliyokuwa ikifunga disko lake. Nilitoa 2,400,000. Nilizikodisha, wanangu wakazichezea, zikaanguka kwenye pikapu mara moja. Mwaka 2019 niliziuza kwa 3,900,000. Niambie ni pikipiki gani, au friji gani, itakufanyia hivyo.

Sababu yenyewe si uchawi. Ile MK2 ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na karibu kila klabu duniani iliyojiheshimu ilikuwa nayo. Mwaka 2010 kiwanda kilisimamisha utengenezaji. Watu wakaanza kuzitafuta zilizopo kama watafutavyo sarafu za zamani. Jina liliporudi mwaka 2016 lilirudi na mashine za bei kali mno, na hata ile MK7 ya mwaka 2019, ambayo ndiyo ya DJ wa kawaida, ikiwa mpya haishikiki kwa wengi wetu baada ya kulipia usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Kwa hiyo za zamani bado zina wateja.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Stanton hizo zitajitembeza. Leo unazinunua kwa 2,600,000. Baada ya miaka mitatu utashukuru ukipewa 1,500,000. Hesabu mwenyewe: umepoteza 1,100,000. Technics ukiiuza hata kwa 4,800,000, umepoteza laki nne. Kopa, binti.

---

FundiSindano (Katwe, Kampala)

Salaam, dada. Nimheshimu mzee aliyenitangulia, lakini nimeona katika maelezo yako jambo ambalo yeye amelipita: kitelezi kinachokwama na taa zisizowaka. Hakuna mnunuzi wa kesho atakayeyapita.

Mimi ni fundi wa vifaa vya sauti, na mashine za santuri huletwa kwangu mbili au tatu kwa mwezi. Niseme kwanza kwa nini Technics hazishuki bei, kwa sababu sidhani kama ni jina tu. MK2 ilitengenezwa miaka mingi bila kubadilika sana, kwa hiyo spea zake zipo: kitelezi, waya za sauti, balbu, vifungo, miguu, hata mkono mzima unaobeba sindano. Nyingine ni za kiwanda, nyingine zimeigizwa vizuri. Michoro ya umeme wake inajulikana kwa kila fundi aliyeitafuta. Mashine ya miaka thelathini inaweza kufufuliwa hapa Katwe kwa bisibisi, chuma cha kulehemu na subira. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile bei ya kuuzia tena, kwa maoni yangu, ni bei ya kutengenezeka. Huo nao ni ubora, ingawa hausikiki masikioni.

Lakini kutengenezeka si sawa na kutengenezwa. Mashine iliyochoka inauzwa kwa bei ya jina, kisha mnunuzi ndiye anayelipia uzima wake. Ukienda kuziangalia hizo za Kampala, nenda na sindano yako, santuri moja unayoijua vizuri, na saa nzima ya kukaa. Usikubali kuonyeshwa juujuu.

Anza nyuma, kwenye kibati cha volteji. Kama kweli zilitoka Uingereza, zitakuwa za volti 230 au 240 na hazina shida na umeme wetu. Zipo zilizokuja kupitia watu walionunua Japani, ambako umeme ni volti 100. Nililetewa moja ya namna hiyo ambayo mwenyewe alikuwa ameikata plagi yake akaifunga yetu ya pini tatu, akaiwasha mara moja tu. Harufu ya transfoma iliyoungua ilikuwa bado imo ndani nilipoifungua siku ya tatu. Baadhi ya 1210 zina kibadilisha volteji chini ya sahani, na hicho nacho ukitazame kabla ya kuchomeka chochote.

Halafu iwashe, weka kitelezi cha kasi katikati kabisa mpaka taa ya kijani iwake, na utazame vitone vilivyo ukingoni mwa sahani kwenye ule mwanga mwekundu. Safu ya vitone vikubwa inapaswa kuonekana imesimama tuli. Ikielea polepole kwenda mbele au nyuma, kasi si sahihi. Sogeza kitelezi taratibu juu na chini: kasi ibadilike kwa ulaini, bila kuruka. Kile kinachokwama katikati huenda kina grisi iliyokauka tu, na hiyo ni kazi ya nusu saa. Huenda pia kimekwisha, na kukibadilisha kwangu ni kama 250,000 pamoja na spea.

Jambo kubwa kuliko yote ni mkono. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, haulali wala haunyanyuki, na kile kirekebishi cha mvuto wa pembeni ukiweke kwenye sifuri. Upulizie kidogo. Unapaswa kusogea kama unyoya na kutulia, bila kusita mahali popote. Kisha shika shina la mkono kwa vidole viwili karibu na mhimili na ulisukume mbele na nyuma kwa wepesi sana. Ukisikia mchezo, hata mdogo kama wa jino linalotaka kung'oka, beringi zimelegea. Hapo usiniulize bei ya kurekebisha. Ulizia bei ya mkono mwingine, na kwa kawaida haipungui 700,000.

Waya za sauti zisikutishe. Katika MK2 zimelehemiwa kwenye kibodi kidogo chini ya mkono, zinakatika kwa kuvutwavutwa, na kuzibadilisha ni kazi ndogo. Taa ya sindano vilevile.

Neno la pembeni kwa mafundi wenzangu. Sahani ya MK2 ina sumaku kubwa ya duara upande wa chini. Kuna siku niliing'oa sahani nikailaza mezani huku jirani yangu akikata vyuma vya mageti kwa grainda mlangoni pangu. Nilipogeuka kuichukua, sumaku ilikuwa imeota ndevu nyeusi za unga wa chuma. Brashi haikufaa kitu. Unga ulihama tu upande mmoja hadi mwingine. Mama anayekaanga chapati karibu nami akanipa donge la unga wa ngano uliokandwa, nikawa naligandamiza na kulibandua, nagandamiza na kubandua, mpaka saa mbili usiku. Tangu siku hiyo sahani nazifunga kwenye gazeti.

---

Mkwaruzo256 (Kampala)

Dada BintiMasese, salaam. Mimi nakwaruza, na sina uhusiano wa damu na chapa yoyote, kwa hiyo nitasema lisilopendwa: kama mizani ni kazi ya mikono peke yake, Stanton hizo ni mashine bora kuliko MK2.

Mota zote mbili huendesha sahani moja kwa moja bila mkanda. MK2 ina nguvu ya kuanzia kuzungusha sahani ya kilo-sentimita 1.5. Stanton hiyo ina 4.5, mara tatu yake. Maana yake ni kwamba unapoizuia santuri kwa kidole, sahani chini yake haipungui kasi, na ukiiachia inashika mdundo papo hapo. Kitelezi cha MK2 kinakupa asilimia 8 juu au chini, basi. Stanton inakupa 8, 25 au 50, inageuza mzunguko kurudi nyuma, na inacheza hata zile santuri za kale za mizunguko 78 ambazo MK2 haizichezi kabisa, ingawa hizo zina mahitaji yake ya sindano. Ina pia swichi ya nyuma inayokuruhusu kuiunganisha na miksa isiyo na tundu la santuri. Haya yote yapo na yanafanya kazi, na bado bei yake ni nusu. Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza, jibu langu ni kwamba bei na ubora ni ndugu wa baba mmoja na mama tofauti.

Watu hawajui kwamba mashine nyingi za DJ zenye majina mbalimbali zilitoka kiwanda kimoja cha Taiwan, Hanpin, kilichokuwa kikiuza umbo lilelile kwa kampuni nyingi, kila moja ikibandika jina lake. Stanton hizo ni za ukoo huo. Jina lenyewe limebadilisha mikono, likaenda kwa kampuni ya Gibson mwaka 2011 na kwa kampuni ya inMusic mwaka 2020, na wateja huogopa jina linalohamahama. Vestax, watengenezaji wengine wa mashine hizi waliopendwa sana na wakwaruzaji, walifilisika mwaka 2014, na mpaka leo mwenye Vestax nzima huishika kama yai.

Mzee wa Busia anisamehe, lakini hesabu yake ya 2012 na 2019 nimeipitia. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,500. Mwaka 2019 ilikuwa karibu 3,700. Zile 2,400,000 zilikuwa kama dola 960, na zile 3,900,000 ni kama dola 1,050. Sehemu kubwa ya faida yake ni shilingi iliyoshuka, si mashine iliyopanda. Bado hakupata hasara, nakubali. Ningependa pia atuambie aliziuza kwa muda gani na kwa nani.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu umetaja santuri za mzee, na hapo ushauri wangu unabadilika. Hizo STR8 zina mkono ulionyooka. Mkono wa MK2 umepinda kama herufi S, na kichwa chake kimekaa kwa pembe, ili sindano ifuate mfereji wa santuri kwa mwelekeo unaokaribia ule wa mashine iliyouchonga. Mkono ulionyooka hauna pembe hiyo. Sindano haivutwi pembeni sana, ndiyo maana hairuki unapokwaruza, lakini inakaa mshazari kwenye mfereji kwa sehemu kubwa ya santuri, sauti inachafuka, na santuri inalika zaidi. Kwa santuri za msimbo, zile zinazoiongoza programu ya kompyuta na ambazo ukizimaliza unanunua nyingine, hilo si neno. Kwa santuri moja ya Kiswahili iliyochapwa Nairobi kabla hujazaliwa, ambayo ikikwaruzika hakuna duka la kuipata tena, mimi nisingethubutu.

---

Mzee_Mpakani (Busia)

Kijana amenibana, nami sitamficha. Niliziuza baada ya miezi saba ya kutangaza, na mnunuzi alitoka Nairobi. Kampala walinipigia simu wengi, wakaja watatu, na wote watatu walitaka kunipa nusu.

---

BintiMasese (Jinja)

Nawashukuru nyote. Nimesoma mara mbili, na nimemsomea baba sehemu ya mkono ulionyooka. Alichosema ni, "Hiyo isiguse santuri zangu."

Naona nilichanganya maswali. Kwa kukwaruza, Stanton zinanitosha na kunizidi. Kwa santuri za mzee, hazifai. Na ile miezi saba ya Mzee wetu imenifungua macho, kwa maana hapa kwetu hata kizuri kinajitembeza. Fedha iliyokaa miezi saba ikisubiri mteja wa Nairobi si akiba ninayoweza kuikimbilia mtoto akiugua, na riba ya Sacco haitanisubiri.

Nina swali moja kwa Fundi. Je, ni lazima ninunue jozi? Kontrola ninayo. Nikipata Technics moja nzima, nitasikiliza na kurekodi santuri, na nitajifunza kukwaruza kwa mkono mmoja huku mdundo ukitoka kwenye kontrola.

---

FundiSindano (Katwe, Kampala)

Si lazima. Wakwaruzaji wengi hufanya mazoezi kwa mashine moja na miksa. Hakikisha tu kwamba kifaa chako kina tundu la kupokea sauti ya santuri, kwa sababu sauti inayotoka kwenye sindano ni ndogo mno na inahitaji kukuzwa na kusawazishwa kabla ya kwenda popote. Kontrola nyingi hazina. Kikuza-sauti kidogo cha santuri kitakugharimu kiasi, na usisahau kufunga ule waya mwembamba wa ardhi, la sivyo utasikia mvumo kama nyuki ndani ya mtungi.

Weka pia fungu la sindano. Wauzaji wengi huuza mashine ikiwa na sindano iliyokwisha, na sindano iliyokwisha hula santuri kuliko mkono wowote ulionyooka. Wengi walizoea Shure M44-7, lakini Shure waliacha kutengeneza vichwa vya santuri, yaani kile kijisehemu kinachoshika sindano, mwaka 2018. Ukikuta kichwa chake, Jico wa Japani hutengeneza sindano zinazoingia humo. Ortofon wanaendelea kutengeneza za kwao.

Mwambie muuzaji unataka moja. Atakataa. Zikague zote mbili mbele yake, kwa utaratibu niliokuandikia, kisha umwambie tena.

---

Mzee_Mpakani (Busia)

Hapo sasa mnaharibu. Jozi ina bei ya jozi. Ukiitenganisha, kila moja inakuwa yatima, na yatima hauzwi kwa nusu ya bei ya familia bali kwa chini ya nusu. Binti, siku utakapouza utanikumbuka.

---

Mkwaruzo256 (Kampala)

Mzee, lakini siku ya kununua pia yatima hununuliwa kwa chini ya nusu. Ni yeye tu aikazie hiyo.

---

BintiMasese (Jinja)

Wakubwa, nimerudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa si vizuri kuuliza njia kisha usirudi kusema ulifika.

Nilikwenda Kampala siku ya Jumanne, nikiwa na sindano ya kuazima na santuri moja ya baba ninayoijua kila mkwaruzo wake. Muuzaji alinikaribisha soda na kuniambia kwamba mashine hizo hazihitaji kukaguliwa, kwa maana ni Technics. Nilikunywa soda na nikazikagua. Vibati vya nyuma vilionyesha volti 240. Mashine ya kwanza, yenye mfuniko, ilisimamisha vitone vyake kama vimechorwa ukutani, na mkono wake ulielea na kutulia kama Fundi alivyoeleza. Sauti ilitoka pande zote mbili, ila nilipougusa waya wa kushoto ilikatika na kurudi.

Mashine ya pili ndiyo yenye kitelezi kinachokwama. Kitelezi hakikunitisha. Nilipoushika mkono karibu na mhimili nikausukuma kidogo, ulicheza. Nilimwita muuzaji nikaiweka mikono yake palepale ilipokuwa yangu, kwanza kwenye mashine nzima, kisha kwenye ile mbovu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema alikuwa hajui, nami namwamini, kwa sababu alionekana kuumia zaidi yangu.

Aligoma kuzitenganisha mpaka saa kumi jioni. Nilikuwa nimekwisha kuaga na kufika ngazini aliponiita. Tulimaliza kwa 2,150,000 pamoja na mfuniko. Fundi alinibadilishia waya na balbu siku hiyohiyo kwa 110,000, wala sikugusa Sacco. Sindano mpya na kikuza-sauti vimekula 600,000 nyingine, na akiba iliyobaki nimeiacha ilale. Mashine ina uzito wa kilo kumi na mbili na ushee. Niliibeba mapajani ndani ya taksi kutoka Kampala hadi Jinja, na kondakta akanitoza nauli ya mashine nayo.

Nyumbani ilitukwama kwa jambo dogo. Santuri nyingi za baba zina tundu kubwa katikati, na kile kidude cha kulijazia hakikuwa kwenye mashine. Palibaki shimo lake tupu pembeni. Nilikuwa nikifikiria kukata kadibodi ya sabuni. Baba aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na kopo la majani ya chai lenye sarafu za zamani, akapekua kwa kidole na kutoa kidude cha plastiki cha manjano alichokitunza muda wote ambao hapakuwa na mashine nyumbani. Kiliingia sawasawa. Alikaa akaisikiliza santuri upande wa kwanza na wa pili bila kusema neno, kisha akaniuliza kama mashine hiyo ninaikodisha kwenye arusi. Nilimjibu hapana. Akasema, "Vizuri."

---

Mzee_Mpakani (Busia)

Hongera, binti, na msalimie mzee mwenzangu.

Ile ya pili, yenye mkono unaocheza, bado anayo? Alisema anataka ngapi? Usijibu hapa hadharani. Nitumie ujumbe wa faragha.